Kipindupindu kimeingia uani kwetu, nianze na lipi?

SWALI: Shikamoo daktari. Ninaishi Tandale, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya kupanga yenye familia saba. Choo ni kimoja, cha shimo, kiko uani. Juzi usiku mpangaji mwenzetu alianza kuharisha na kutapika, alfajiri akachukuliwa, na jana tumeambiwa ni kipindupindu na yuko kwenye kambi ya matibabu. Nina mtoto wa miezi minane anayenyonya, mwingine wa miaka sita, na mama mkwe naishi naye. Mume wangu anataka tuwapeleke watoto Morogoro kwa bibi yao. Jirani anatushauri tumeze Flagyl wote ya kujikinga. Maji tunanunua kwa madumu. Nianze na lipi, na dalili zikianza usiku nifanyeje?

JIBU: Marahaba dada. Poleni sana, na ile familia iliyopatwa ipelekeeni pole ana kwa ana. Kipindupindu hakiambukizi kwa kusogeleana wala kwa hewa. Kinapita mdomoni, kwenye kitu kilichoguswa na kinyesi au matapishi ya mwenye vijidudu, basi. Mkiitenga familia ile, mtu mwingine humu ndani akianza kuharisha ataficha, na hapo ndipo mtakapoumia wote.

Tuanze na Morogoro, maana najua ndiko roho ya mumeo iliko. Watoto wasiende. Mtu akishameza vijidudu hivi, dalili zinaweza kuanza baada ya saa chache au zikachelewa hadi siku tano. Wengi wanaoambukizwa hawaumwi kabisa au wanaharisha kidogo na kupona, lakini choo chao kinaendelea kubeba vijidudu kwa siku kadhaa, wengine hadi siku kumi. Kwa hiyo mwanao wa miaka sita anaweza kupanda basi akiwa mzima akaanza kuharisha njiani, mahali ambapo hamna maji, hamna ORS (ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) wala zahanati ya karibu. Au akafika salama akaacha ugonjwa kwenye choo cha bibi. Mlipuko wa Agosti 2015 ulianzia hapa hapa Dar es Salaam, na baadaye ukafika mikoa mingi ya Bara na Zanzibar pia. Hapo mlipo kambi iko karibu na wahudumu wanaijua nyumba yenu. Hiyo ni faida, msiikimbie.

Sasa nguvu zako. Utapewa orodha ndefu na kila anayepita: piga deki, fukia dimbwi, usile hiki, usiguse kile. Ukiyashika yote kwa pamoja utachoka siku ya pili. Mimi nakuomba ushike mambo mawili kwa wiki nzima bila kulegeza: maji ya kunywa yaliyomo chumbani mwako, na mikono. Wiki ya kwanza baada ya mtu kuugua ndiyo yenye hatari kubwa kwa wanaoishi naye, kuliko mtu wa mtaa wa pili. Kule Dhaka, Bangladesh, watafiti waliwafuata watu wa nyumba moja na wagonjwa, wakawapa sabuni, vidonge vya klorini na chombo cha maji chenye bomba, wakawahimiza kwa siku saba tu. Walioshikwa na ugonjwa wakapungua.

Kwa nini maji ya chumbani na siyo ya bombani? Angalia mwenyewe leo jioni. Dumu limenunuliwa, limemiminwa kwenye ndoo, ndoo imefunikwa kwa sinia, na juu ya sinia kuna kopo. Mtoto katoka chooni, anafunua, anachovya kopo, na vidole vinaingia majini pamoja na kopo. Kopo linarudi juu ya sinia, pale nzi alipotua. Hata kama muuza maji alichota mahali safi, na huna namna ya kujua, maji hayo sasa yamechafuka, na nyote mtakunywa humo hadi kesho.

Basi acheni kuchovya. Maji ya kunywa yakae kwenye dumu lenye mdomo mwembamba na kifuniko, yamiminwe, au kwenye ndoo yenye bomba chini. Dumu lenyewe lina utelezi ndani ambao watu hawauoni: tia maji ya sabuni na kokoto chache safi, tikisa sana, mwaga, suuza. Kisha tibu maji. Vidonge vya klorini kama WaterGuard vinauzwa maduka ya dawa. Kile cha miligramu 67 ni cha ndoo ya lita 20 za maji meupe, lakini soma pakiti kwa sababu vipo vya ukubwa tofauti. Tumbukiza, funika, subiri dakika 30, ndipo mnywe. Maji yakiwa na tope, yaache yatuame, yachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, kisha weka vidonge viwili. Kanga kuukuu huchuja vizuri kuliko mpya, kwa kuwa nyuzi zake zimeshalegea na matundu yake yamekuwa madogo zaidi. Bangladesh walijaribu hivyo kwa kitambaa cha sari kwenye maji ya madimbwi na mito, na wagonjwa walipungua karibu nusu, maana vijidudu hung'ang'ania viumbe vidogo sana vya majini ambavyo kitambaa hunasa. Lakini kuchuja peke yake hakutoshi, usiishie hapo.

Kuchemsha nako kunaua vijidudu: yakishatokota kwa nguvu dakika moja, yametosha. Tatizo la kuchemsha ni mkaa, na ni kwamba maji yakishapoa hayana kinga yoyote. Mkono mchafu ukiingia, umeingia. Klorini hubaki majini ikiendelea kulinda kwa saa kadhaa. Kwa nyumba ya familia saba mimi ningechagua vidonge. Mama mkwe akilalamika harufu, mmiminie kutoka jagi moja kwenda jingine mara kadhaa, itapungua. Maji yaliyotibiwa yaishe ndani ya saa 24, kisha tibu mengine.

Na maji hayo hayo ndiyo ya kusukutulia mnapopiga mswaki au kutia udhu, ya kuoshea kikombe cha mtoto, ya kuoshea matunda, ya kutengenezea juisi. Watu hutibu maji ya kunywa vizuri kabisa kisha wakanunua barafu ya mtaani. Wiki hii barafu, juisi za kwenye ndoo na maji ya kufunga kwenye mifuko viacheni.

Mikono: tengenezeni kibuyu chirizi mlangoni mwa choo. Kidumu cha lita tano, tundu dogo, kamba ya kukanyagia, na kipande cha sabuni kilichotobolewa kikaning'inizwa ili kisiibiwe. Sabuni ikiisha, majivu yanafaa. Kunawa ni ukitoka chooni, ukimtawadha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula, kabla ya kumlisha mtoto. Lile bakuli la kunawia ambalo wote mnatumbukiza mikono zamu kwa zamu liondoeni. Mtu mmoja amimine, mwingine anawe, maji machafu yadondokee beseni.

Chakula kwa ufupi: kilichoiva na kikiwa cha moto hakina shida, hata cha mama lishe, mradi kinatoka motoni na sahani imeoshwa kwa maji safi. Ninachokiogopa ni wali uliolala bila kupashwa hadi utoe mvuke, kwa kuwa wali uliopoa ni mahali vijidudu hivi hustawi. Kachumbari nayo ipumzike. Mtoto wa miezi minane aendelee kunyonya, tena zaidi ya kawaida. Uji wake upikwe kidogo kidogo kwa mlo mmoja, alishwe kwa kikombe na kijiko. Chupa ya kunyonyea yenye chuchu ya mpira itoe kabisa, haisafishiki.

Choo. Mkubaliane zamu, kila asubuhi na jioni sakafu, ukuta wa chini na kitasa vioshwe kwa sabuni kisha vimwagiwe klorini. Ukitumia Jik ya kawaida isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, changanya kikombe kimoja cha Jik na vikombe 16 vya maji. Hiyo ni ya sakafu na vyombo. Kwa matapishi au kinyesi cha mgonjwa kilichomwagika inatakiwa kali zaidi: vikombe 4 vya Jik kwa 3 vya maji, mwagia, acha dakika 10, ndipo ufute ukiwa umevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Usiichanganye Jik na dawa nyingine ya choo, hutoa hewa inayochoma mapafu. Nguo na shuka za mgonjwa msizifue kwenye karo mnaloshea vyombo. Zichemsheni au zilowekeni kwenye ile klorini hafifu kwanza, mkijua rangi itachujuka.

Flagyl: hapana. Haiui kijidudu cha kipindupindu, na nyumba nzima kumeza dawa bila ugonjwa ni kuharibu tumbo na kufundisha vijidudu vingine ukaidi. Zipo antibiotiki zinazosaidia mgonjwa aliyezidiwa, kama doksisaiklini, kwa kufupisha kuharisha. Huzipata kambini baada ya kupimwa na kuanzishiwa maji, wala si mbadala wa maji. Dawa za kufunga tumbo nazo msiguse, na watoto ndio kabisa. Jambo moja la mama mkwe: kama anatumia dawa za kupunguza asidi ya tumbo kwa ajili ya vidonda, asidi ile ni mojawapo ya kinga za mwili dhidi ya kijidudu hiki. Asiache dawa bila kumwuliza daktari wake, ila kwenye maji na chakula awe mkali kuliko ninyi.

Nije kwenye usiku, ambapo ndipo watu hufa.

Kipindupindu huua kwa kumkausha mtu. Sumu ya kijidudu hufanya utumbo umwage maji na chumvi, na mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Choo kinakuwa kama maji yaliyooshea mchele, mara nyingi bila maumivu ya tumbo na bila homa, ndiyo maana watu hudharau saa za mwanzo. Lakini hata utumbo ukiwa unamwaga hivyo, mlango mmoja wa kuingiza maji mwilini unabaki wazi: ule unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja. Maji matupu hayapiti vizuri hapo. Maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo sahihi yanapita. ORS ni hiyo, haina siri nyingine. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijazana kambi za India na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwapa mchanganyiko huo wa kunywa kwenye mapipa yenye bomba, ndugu wakiwanywesha wagonjwa wenyewe. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Waliofanya kazi ile walikuwa akina mama na wajomba wenye vikombe, kama wewe.

Kwa hiyo leo, kabla jua halijazama, nunua pakiti za ORS, zisipungue kumi kwa familia yako, na uweke chupa ya lita moja kamili pembeni ili usianze kukisia gizani. Pakiti moja, lita moja ya maji yaliyotibiwa, koroga, tumia ndani ya saa 24. Usigawe pakiti nusu kwa glasi. Ikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo, visiwe na mlima. Onja, isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya, kwa sababu chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Soda na juisi za dukani zina sukari nyingi mno na huongeza kuharisha. Dafu ni zuri kwa kuongezea, lakini si badala ya ORS.

Mtu akiharisha maji maji mara ya kwanza, mpe papo hapo, usingoje ya tatu. Mtoto wa chini ya miaka miwili, robo hadi nusu kikombe cha chai kila baada ya kuharisha, kwa kijiko, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Wa miaka sita, nusu kikombe hadi kikombe kizima. Mtu mzima anywe kadiri anavyoweza. Wengi hukata tamaa mgonjwa akitapika. Ngoja dakika 10, endelea taratibu zaidi. Akitapika hatoi yote aliyokunywa, kuna kinachobaki. Mtoto aendelee kunyonya katikati ya vijiko.

Huku anakunywa, mpelekeni. Kwa kuwa nyumba yenu tayari ina mgonjwa, msisubiri kupambazuke ili kuona kama itapoa. Kwenye bajaji mwekeeni ndoo, chukueni ORS iliyochanganywa, aendelee kunywa njiani, na mkifika mwambieni dereva wapi pa kusafishia chombo chake kwa klorini. Namba 199 ni ya bure, ya huduma za afya. Pigeni waulizeni kambi iliyo karibu. Zipo dalili ambazo zikitokea hata dakika kumi ni nyingi: macho yameingia ndani, mtoto analia bila machozi, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama, hakuna mkojo kwa saa kadhaa, misuli ya miguu inakaza, mgonjwa analegea au hawezi tena kumeza. Huyo anahitaji dripu. Mtu mzima wa kilo 60 aliyefika hapo huwekewa takriban lita 6 ndani ya saa 3, na jambo la kushangaza kulitazama ni kwamba aliyebebwa hajitambui huwa anaketi na kuomba uji siku hiyo hiyo. Akitibiwa mapema na ipasavyo, anayekufa ni chini ya mmoja kwa 100. Asipotibiwa, waliozidiwa hufa hadi nusu yao.

Watoto wenu wakiharisha waombewe pia zinki. Huyo wa miezi minane ni kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, kikayeyushwa kwenye kijiko cha maziwa yako, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Huyo wa miaka sita atapimiwa na muuguzi.

Kambi inaogopwa, nalijua hilo. Watu huona turubai, vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini, watu wa buti wakipuliza klorini, wakasema huko ni kufa. Kile kitanda kina tundu ili mgonjwa asihangaike kuinuka na ili muuguzi apime alichopoteza na kukirudisha. Anayekaa na mgonjwa awe mmoja, anawe kila anapotoka, asile humo ndani.

Likitokea la kutokea, maiti wa kipindupindu bado anatoa vijidudu. Kuosha na kuvika sanda kufanyike pamoja na bwana afya, wakiwa na glavu na klorini. Dini haivunjwi, hufanyika kwa uangalizi tu. Waliomwosha wasiingie jikoni kupika chakula cha msiba. Hilo moja lingeokoa misiba mingi isizae mingine.

Chanjo ya kunywa ipo, na Zanzibar iliwahi kuchanja watu kwa wingi mwaka 2009. Lakini huwezi kuinunua leo duka la dawa ikakulinda kesho, kwani mwili huhitaji kama wiki moja kujenga kinga, na dozi duniani ni chache kiasi kwamba tangu Oktoba 2022 maeneo yenye mlipuko hupewa dozi moja badala ya mbili. Wahudumu wakipita mtaani nayo, kubalini wote.

Limebaki la mtaa, na hili mumeo alichukue badala ya Morogoro. Mvua za masika zikianza, kuna watu hutapisha vyoo usiku, maji ya choo yakafuata mtaro hadi kwenye mabomba yaliyotoboka na visima vifupi. Mnawajua, maana mnaishi nao. Nendeni kwa mjumbe watu wawili watatu wa nyumba mbalimbali, siyo mmoja, mkaseme, na mwombe bwana afya afike. Akija na pampu ya kupuliza dawa kuta za vyumba, mshukuruni, lakini kuta haziambukizi. Mwombeni afanye mambo mawili yenye maana zaidi: apime klorini kwenye maji ya muuza madumu wenu na kwenye kisima anachochota, na aache vidonge vya kutosha nyumba zote saba. Klorini ikikutwa chini ya miligramu 0.5 kwa lita pale mnapochotea, mtaa mzima utibu maji majumbani hadi mlipuko utangazwe kwisha, na muuza madumu aambiwe hivyo mbele ya wateja wake.